Kornelio Nambunga na Jeneza Lake la Mninga

Ndugu Kornelio Nambunga, Fundi Sanifu Mkuu wa Karakana yetu ya Vipimo hapa Chang'ombe, anastaafu Jumamosi tarehe 30 Juni 1984, baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili na miezi minne. Aliingia kwenye lango hili tarehe 1 Machi 1962, nchi ikiwa haijatimiza hata miezi mitatu ya uhuru, akiwa amevaa viatu vya kuazima vilivyomzidi kwa kidole kizima. Anatoka akiwa na viatu vyake mwenyewe, na jina lake linajulikana mpaka Bunju.

Kamati ya Sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu huu. Wasomi tunao wengi, lakini Kamati iliwaogopa, maana msomi angejaza kurasa hizi hesabu na wageni wangelala kabla ya pilau. Wakaniangukia mie, Marselino Chilumba, Dereva Mkuu, mwenye elimu ya darasa la nne na dunia nzima juu yake. Nimekuwa mpishi msaidizi melini, nimekula Aden, nimeugua Bombay, nimepotea Marseli na nikajirudisha mwenyewe. Tena hakuna aliyekaa na Kornelio muda mrefu kunishinda mie, isipokuwa mkewe Genoveva, na huyo hana Landrova.

Kornelio alizaliwa karibu na Masasi na akaajiriwa hapa kama mfagiaji. Siku hizo karakana ilikuwa ikikagua mizani za masokoni na vipimo vya mafuta. Mkuu wa wakati ule aligundua jambo la ajabu: takataka za ofisi yake zilikuwa zinakaa jalalani zikiwa zimepangwa. Karatasi za mizani upande huu, za umeme upande ule. Alipouliza, ikajulikana kwamba mfagiaji hatupi karatasi kabla ya kuisoma, na akishaisoma anaiweka na ndugu zake. Mwaka 1964 ufagio ulikwenda kwa mtu mwingine na Kornelio akapewa bisibisi.

Mwaka 1969 akapelekwa masomoni miezi tisa Ulaya ya Mashariki. Wenzake waliorudi na ndege ileile walishuka na redio, suti na saa za mkononi. Kornelio alishuka na shati moja, anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa, huku koti lake zito akilibeba kifuani kama mtoto mchanga. Ndani ya koti mlikuwa na makopo mawili ya alumini, na ndani ya kila kopo mlikuwa na fuwele, yaani jiwe la chumvi linalong'aa kama kioo. Mwalimu wake alimpa zawadi. Chumvi ile ikipata unyevu huharibika, naye alikuwa anaileta Dar es Salaam, mji ambao hata kiberiti hutoka jasho. Kwa miaka yote iliyofuata makopo yale yalitunzwa kuliko mboni ya jicho.

Wengi mmeogopa kuuliza fuwele zile zilikuwa za nini. Nitawaeleza, maana nilielezwa mara mia tukiwa barabarani, na kichwa cha dereva kinashika.

Kuna miale inaitwa gama. Haionekani, hainuki, haigusiki, na inapita ukutani bila hodi. Kidogo haina neno. Ikizidi, inamla mtu ndani kwa ndani. Kipimo cha kawaida, kile cha sindano chenye mlio wa tik-tik, kinakwambia kwamba ipo mingi au ipo michache. Hakikwambii inatoka wapi. Ni sawa na kusikia ngoma Tandika usiku wa harusi: unajua ipo, lakini uingie uchochoro upi?

Sasa kumbuka gololi. Gololi yako ikiigonga ya mwenzio, ya mwenzio inarushwa huku na yako inapinda kule, mwendo umepungua. Ukiigusa pembeni, yako inapinda kidogo na kuchoka kidogo. Ukiipiga katikati, inapinda sana na kuchoka sana. Mwale wa gama ukiigonga elektroni, ile punje ndogo inayozunguka ndani ya kila kitu, hufanya vivyo hivyo. Mmarekani mmoja, Compton, ndiye aliyelipima jambo hilo zamani mie sijazaliwa, na hesabu yake haikubali hongo: mwale ukipinda kiasi fulani, unapoteza nguvu kiasi fulani, kila siku, kila nchi, awe anapima Mzungu au mtu wa Masasi.

Basi Kornelio aliweka fuwele moja mbele na nyingine nyuma. Mwale ukiingia ya mbele unaigonga elektroni, elektroni inaruka, fuwele inamulika kidogo tu, na kadiri ya mmuliko ule ndiyo nguvu iliyopotea. Mwale uliopinda unaendelea hadi ya nyuma, nayo inamulika. Zikimulika zote mbili kwa pamoja, mashine inahesabu moja. Fuwele ya nyuma inakaa kwenye mkono unaofungwa kwa kijiti katika tundu la pembe unayotaka. Unazungusha chombo kizima taratibu mpaka hesabu ipande, na kwa kuwa unajua mkono umefungwa pembe gani, unajua mwale umetokea wapi. Nimemaliza. Mkitaka zaidi muulizeni yeye, lakini msiwe na miadi.

Chombo chenyewe kilitengenezwa Keko, kwa Fundi Albano, seremala ambaye vitanda vyake vimebeba nusu ya ndoa za Temeke. Chuma hakikupatikana, na Kornelio alisema mbao inatosha, mwale haujali uzuri. Albano akatoa mninga uliokaa kivulini miaka mitatu, akaranda, akatoboa matundu ya pembe kwenye nusu duara, akachora namba kwa kisu cha moto. Kazi ikatoka safi mno. Tatizo lilikuwa umbo. Lilikuwa sanduku refu, jembamba, lenye kifuniko na vishikio vinne vya shaba. Siku ya kwanza nilipolipakia nyuma ya Landrova, kwenye Barabara ya Kilwa watu walivua kofia na mama mmoja akatua ndoo yake chini. Tangu siku hiyo likaitwa Jeneza, na Genoveva akakataa lisivuke kizingiti chake, hata lifunikwe kwa kanga mpya.

Kwa miaka minane Jeneza lilifanya kazi zisizo na shangwe. Lilipima mchanga wa pwani. Lilifundishia wanafunzi. Kila Jumatatu asubuhi Kornelio alilijaribu: anafunga mkono kwenye tundu la nyuzi arobaini na tano, analielekeza kwenye kichembe cha majaribio chenye miale kidogo, linajibu sawasawa, anaandika kwenye daftari. Nyuzi arobaini na tano, Jumatatu hadi Jumatatu, miaka minane. Shikeni jambo hilo mkononi, tutarudi kwake.

Ukaja mwaka 1980. Vita vimekwisha, sabuni hakuna, betri hakuna, mafuta kwa kibali. Kamati ya Kubana Matumizi ya karakana ilikaa mwezi Machi na kupitisha orodha ya vifaa visivyo na tija. Jeneza lilikuwa namba tatu. Wajumbe watano walinyoosha mikono, hakuna aliyepinga, na ikaamuliwa lifutwe kwenye daftari la mali ifikapo mwisho wa Aprili. Kornelio alisomewa uamuzi, akasema amesikia, akaenda kulifuta vumbi.

Katikati ya Aprili, mvua zikiwa zimekaza, tukapata habari mbaya. Mkandarasi mmoja aliyekuwa akilaza mabomba ya maji huko kaskazini mwa mji alikuwa anapiga picha viungo vya chuma kwa kutumia kichembe cha sesiamu, madini yanayotoa miale ya gama. Kichembe chenyewe ni chuma kidogo kinachong'aa, urefu wa kiungo cha kidole. Hukaa ndani ya chungu kizito cha madini ya risasi, na risasi ndiyo inayoizuia miale. Kibanda cha mkandarasi kilivuja, watu wakakimbia mvua, waliporudi chungu hakipo. Na kichembe hakipo.

Siku ya nne, Jumamosi, vipimo vya sindano vikaanza kulia Kunduchi, kwenye shule ya msingi. Darasa la tano lilikuwa jipya. Wanakijiji walilijenga kwa mikono yao, kina mama wakisomba maji na mchanga, na sakafu ya saruji ilikuwa imemwagwa wiki ileile. Shule ikafungwa mara moja. Mtaalamu wa mkandarasi, bwana mwenye soksi ndefu na uhakika mrefu zaidi, alizunguka darasa zima na kipimo chake. Sindano ikacheza karibu sawa kila pembe. Upande wa nyuma kulikuwa na dimbwi la mvua, maji ya kiunoni, hakwenda. Akakata shauri: kichembe kimetupwa kwenye zege na kimo sakafuni. Jumatatu saa moja asubuhi sakafu na ukuta wa nyuma vingevunjwa.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Yustina, alisimama kwenye kizingiti cha darasa lake akamwuliza bwana yule kama atarudisha saruji. Akajibiwa kwamba usalama hauna bei. Mwalimu Yustina akasema saruji inayo, tena kwa kibali, na kibali chake cha mwisho alikifuata mjini mara kumi na moja.

Mkuu wetu, Ndugu Firoz Kurbanali, alipoletewa taarifa hiyo Jumapili mchana nyumbani kwake, alimwita Kornelio. Kornelio alikuwa na swali moja tu: kama kichembe hakimo sakafuni, kimo wapi, na nani amelala karibu yake? Ndugu Firoz alitazama saa. Ilikuwa saa nane na robo. Wakati ule, kama mnakumbuka, Jumapili baada ya saa nane mchana gari haliruhusiwi barabarani bila kibali, na ofisi ya vibali ilikuwa imefungwa kwa kuwa ni Jumapili. Ndugu Firoz akaandika barua kwa mkono wake, akasaini, akasema, "Nendeni. Nitajibu mie."

Tulisimamishwa Mwenge. Askari alikuja kwa hatua ya mtu aliyepata windo. Akachungulia nyuma, akaliona sanduku, akavua kofia. "Poleni sana, wazee wangu," akasema. "Mtoto?" Mie nikainamisha kichwa. Sikusema neno, na kutosema neno si uongo, hata padri atakubali. Akatupisha.

Hatukufika mbali Kornelio akasema, "Rudi."

"Nirudi wapi, braza? Tumepita."

"Rudi kwa yule askari, Marselino. Tunakwenda kuwaambia watu wazima waamini mashine hii. Hatuanzi kwa kumdanganya mtu."

Nikarudi, moyo unauma. Kornelio akashuka, akafungua kifuniko, akamweleza askari kila kitu, mpaka elektroni. Askari alisikiliza, akavaa kofia yake polepole. "Kumbe si maiti," akasema. "Hili ni baya kuliko maiti. Nendeni, na wewe dereva uache kuinamisha shingo." Hiyo barua ya Ndugu Firoz hakuisoma hata mstari.

Tulifika Kunduchi saa kumi. Tulilitua Jeneza kwenye uwanja wa shule, likaunganishwa na betri ya Landrova. Kornelio alikuwa na haraka, jua linashuka na mawingu yanakuja. Kwa kuwa miale iliyofika pale ilikuwa michache, aliufunga mkono kwenye tundu la nyuzi thelathini, maana miale mingi hupinda kidogo kuliko inayopinda sana. Miaka minane, hakuwahi kulitumia tundu lile kwa kazi ya kweli. Akazungusha, akahesabu milio, akapiga mstari kwenye ramani. Mstari ukalikwepa darasa, ukayakwepa majumba yote, ukaenda kuishia baharini.

Kijiji kizima kilikuwa kimesimama kwa mbali. Kikaanza kicheko kidogo, kikakua. Mzee mmoja akasema mwizi amejulikana, ni samaki changu, na kesho watamleta baraza la kata. Mtaalamu wa soksi hakucheka. Alimwambia Kornelio, kwa upole unaochoma, kwamba mahali pa jeneza ni makaburini, na kwamba saa moja asubuhi nyundo zake zitafika.

Mie nimeona watu wakiaibika bandari saba. Wengine hupigana, wengine hulewa. Kornelio aliomba daftari la shule na penseli. Akakaa kwenye kibao cha Landrova akiangalia hesabu za mchana, siyo idadi ya milio, bali nguvu zilizopotea, zile ambazo kwa haraka hakuzitazama. Nikamletea chai, ikapoa. Mwisho akasema neno ambalo sitalisahau. Mwale uliopinda nyuzi thelathini unatakiwa kupoteza kama sehemu moja ya saba ya nguvu yake. Miale hii ilikuwa inapoteza karibu sehemu mbili za tano. Hiyo ni hasara ya mwale uliopinda nyuzi sitini.

Nikamwambia labda miale ya Kunduchi ni tofauti. Akanitazama kwa huruma. "Mwale hauwezi kudanganya, Marselino. Aliyedanganya ni mbao."

Alfajiri Mwalimu Yustina alileta protrakta kubwa ya ubaoni. Kornelio akailaza juu ya nusu duara ya Fundi Albano, kosa likaonekana hata kwangu. Tundu lililoandikwa thelathini lilikuwa sitini. Lililoandikwa sitini lilikuwa thelathini. Na lile la arobaini na tano lilikuwa arobaini na tano, kwa sababu liko katikati, na katikati hata ukihesabu kinyumenyume unafika palepale. Kila Jumatatu kwa miaka minane tulilijaribu Jeneza kwenye tundu moja pekee ambalo haliwezi kulifichua.

Baadaye nilimwendea Albano Keko nikiwa na maneno makali. Akanisikiliza akinoa patasi. "Sikiliza wewe baharia," akasema. "Seremala pembe anaihesabia kwenye skwea. Mbao ikikaa wima kabisa, hiyo ndiyo sifuri yetu, tunahesabu inavyoinama. Hivyo alinifundisha baba, hivyo ndivyo kitanda chako kinavyosimama mpaka leo. Kornelio alisema thelathini, nikampa thelathini." Na kweli, alimpa. Kornelio alihesabu kuanzia mstari ulionyooka mbele, Albano kuanzia skwea, na hakuna aliyemwuliza mwenzake. Kornelio mwenyewe kwenye taarifa yake aliandika: kosa ni langu, nilipokea kazi bila kuipima.

Saa moja kasoro nyundo zikafika, vijana sita na mtaalamu wao. Kornelio hakuwa amemaliza. Aliomba saa moja. Akanyimwa. Basi akaniachia daftari na kijiti, akaniambia nizungushe na kusoma namba kwa sauti, kisha yeye akaenda kukaa chini kwenye mlango wa darasa, miguu ameinyoosha mbele, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kunyolewa. Akamwambia mtaalamu kwamba sakafu hii itavunjwa, ikibidi, akishaondoka yeye, na yeye ataondoka mashine ikishajibu. Mwalimu Yustina akakaa kando yake. Kisha akaja mama mmoja na mwanawe mgongoni, akakaa, na mwingine, mpaka mlango ukawa hauna nafasi hata ya paka.

Hivyo basi, mabibi na mabwana, mtu aliyezungusha Jeneza asubuhi ile alikuwa darasa la nne. Nilizungusha kidogokidogo, nikasoma, Kornelio akaandika kwenye kiganja chake kwa penseli. Safari hii alinisomesha vyote viwili, idadi na nguvu, na vikakubaliana. Vijana wa kijiji wakanisaidia kulihamisha sanduku hatua thelathini, tukarudia. Mistari miwili ikakutana. Haikukutana sakafuni wala baharini. Ilikutana ng'ambo ya dimbwi, kwenye mgongo wa nyumba ya Bi Mauwa, mkaanga samaki.

Nyumba ile inaingiliwa kwa uchochoro mwingine kabisa, kwa mbele, na ukuta wake wa nyuma ni wa mawe ya matumbawe, unene wa mkono mzima mpaka kiwiko. Ndiyo maana mbele ya nyumba kipimo cha sindano kilikuwa kimya. Ukuta uliizuia miale isiende popote ila upande mmoja: nyuma, juu ya dimbwi, moja kwa moja darasani.

Bi Mauwa alitolewa nje akiwa na unga mikononi. Mumewe, ambaye ameniomba nisimtaje jina na leo amekaa meza ya pili, akaanza kulia kabla ya kuulizwa. Chungu alikiokota yeye. Mwaka ule risasi ilikuwa adimu, na nyavu bila chubwi, vile vizito vya risasi, hazizami. Aliyeyusha risasi kwenye jiko la nyuma, akatengeneza chubwi, akagawia na wenzake. Kile kichuma kinachong'aa hakikuyeyuka. Akakiweka kwenye kishubaka cha ukuta wa nje, kesho akatafute matumizi yake. Kesho yake dimbwi likaingia jikoni, Bi Mauwa akahamishia jiko mbele, na hakuna aliyerudi kule nyuma. Tulipomtazama vidole, viwili vilikuwa vimebabuka kama vilivyoungua mafuta.

Kilichobaki kilikuwa kukitoa, na chungu hakipo tena. Mkandarasi alisema chungu kingine kitatoka ng'ambo kwa wiki mbili. Hapo ndipo mume wa Bi Mauwa alipokwenda pwani kwa mbio. Sijui aliwaambia nini wenzake. Tuliona wavuvi wanakuja, mmoja baada ya mwingine, wamekata chubwi kwenye nyavu zao, wanazimimina kwenye debe. Za chungu kile, na za kwao za zamani, za baba zao. Debe likajaa, tukaweka gogo katikati kuacha tundu, tukafunga kwenye fito mbili.

Kornelio alikataa mtu mwingine asiingie. Alifunga koleo kwenye mwanzi mrefu, akanipa saa aliyoazimwa na Ndugu Firoz, akasema nihesabu kwa sauti, na nikifika arobaini aache hata kama hajamaliza. Akaingia majini mpaka kiunoni, debe likielea mbele yake juu ya tairi langu la akiba lililojaa upepo. Nikaanza kuhesabu alipofika kwenye kishubaka. Ishirini, koleo likateleza. Ishirini na tano, likateleza tena. Thelathini na mbili, kichuma kikatoka. Thelathini na saba, kikazama kati ya chubwi, na yule mtaalamu wa soksi ndefu, akiwa ameshika kipimo chake darasani, akapaza sauti akasema sindano imelala.

Alikuja mwenyewe kumpa Kornelio mkono. Namsifu kwa hilo. Vijana wake walirudi na nyundo zao safi, na mkandarasi alirudisha risasi ya wavuvi, kilo kwa kilo, ingawa nyavu za Kunduchi zilielea wiki nzima. Mume wa Bi Mauwa alitibiwa, akapoteza ncha za vidole viwili, hakupoteza uhai wala mke. Darasa la tano lipo. Nimepita mwezi uliopita, sakafu imepata ufa mmoja mdogo, wa kawaida wa saruji iliyozidiwa na mchanga.

Jeneza halikufutwa. Ndugu Firoz alikata namba tatu kwenye orodha kwa wino mwekundu. Kornelio alilipeleka kwa Albano, na Albano akataka kuondoa namba za zamani kwa randa. Kornelio akakataa. Akaomba zichorwe namba mpya juu yake, za zamani zibaki, na pembeni yaandikwe kwa kisu cha moto: HAPA TULIKOSEA. Nendeni mkaone. Fundi Sanifu Sesilia, anayepokea kazi yake, amekabidhiwa chombo kile kwa agizo moja tu, kwamba kila Jumatatu ajaribu matundu yote, na lile la arobaini na tano liwe la mwisho.

Nimebakiza jambo moja, na nimelibeba miaka minne. Wajumbe watano walionyoosha mikono Machi ile, mmoja alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, na mwakilishi wa wafanyakazi nilikuwa mie. Nilinyoosha kwa sababu Jeneza lilikuwa likikalia nafasi ya tairi langu la akiba. Kornelio aliujua muhtasari wa kikao kile, jina langu limo, na alikuwa ameusoma kabla ya Kunduchi, maana ninyi mnajua hatupi karatasi bila kuisoma. Asubuhi ile, alipohitaji mtu mmoja wa kumwachia mkono wa mashine yake, walikuwepo watu waliosoma kuliko mie. Aliniita mie. Hajawahi kunitajia mkono ule niliounyoosha, wala kwa utani.

Ndugu Kornelio, karakana inakushukuru, Ndugu Firoz anakushukuru, Kunduchi wamekuletea samaki wasiohesabika na Bi Mauwa amewakaanga mwenyewe. Genoveva, tunakurudishia mumeo akiwa mzima, vidole kumi. Jumatatu nitakupelekeni Masasi kwa Landrova ileile, kibali ninacho, na tairi la akiba nimelifunga juu ya paa. Nenda ukapumzike, kaka. Mahindi yako yazae, magoti yako yasikuume, na watu wa huko wakikwambia jambo, ulipime kwanza, kama ulivyotufundisha. Sie tutabaki tukikukumbuka kila Jumatatu, tundu kwa tundu.

Marselino Chilumba
Dereva Mkuu, kwa niaba ya wafanyakazi wote